Kuku Kwenye Mdomo wa Jeti

Mbele ya Mkuu wa Mkoa, mbele ya kapteni wangu na mbele ya kijiji kizima kilichovaa nguo za sikukuu, nilipiga kelele kwamba ndege ya kivita isiwashwe kwa sababu ndani yake mna kuku, na aliyemtia huyo kuku ni mimi. Masikio yananiwaka hata sasa ninapoandika, lakini ninyi wenzangu hamchoki kuniuliza, tena kila mtu ana habari yake aliyoiongezea chumvi, basi acheni niieleze kama ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baada ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma kupata uhuru wao. Mimi nilikuwa koplo, fundi wa injini za jeti. Kiwanja chetu cha kudumu kilikuwa kinatengenezwa njia ya kurukia, kwa hiyo ndege zikahamishiwa Mtwara kwa muda, na kiwanja cha Mtwara siku hizo kilizoea ndege ya abiria inayotua, ikashusha watu na mifuko ya barua, ikaenda zake. Sasa zikaja jeti, zikaja gari zake za mafuta, na masanduku ya vipuri, na sisi mafundi na mahema yetu. Zilibanana bawa kwa bawa hata ukitaka kuitoa ya nyuma lazima kwanza uivute ya mbele, na ukipita katikati lazima uiname (kovu hili la kwenye paji nililipata kwa kusahau kuinama, si vitani kama ninavyowaambia watoto).

Tatizo halikuwa kubanana tu. Jua la Mtwara lilikuwa linapasua matairi na kukausha mpira wa mabomba, na kiti cha rubani saa sita mchana ungeweza kukaangia samaki. Halafu upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inaleta kutu, basi kila siku tunaosha ndege kwa maji ya kisima, na maji yenyewe ya kugombania. Mabanda tuliyoahidiwa hayakufika. Ndipo vijiji vya jirani vikaitwa. Wanaume wakaleta boriti za mikoko kutoka kwenye mlango wa Ruvuma, wanawake wakashona makuti, na mabanda yakasimama, marefu, yenye ubaridi ndani, na ukiwa juu angani huoni kitu ila paa kama mapaa mengine ya pwani. Sijapata kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Tena nilikuwa na furaha yangu binafsi: kapteni alikuwa amenipendekeza kwenda ng'ambo kusomea injini, na ilibaki neno lake la mwisho tu.

Kiongozi wa washona makuti alikuwa Bi Somoe, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Nilimpenda kwa kuwa hakuziogopa ndege hata kidogo. Siku ya kukabidhi mabanda alinifuata hadi chini ya bawa, amemkumbatia kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa ukindu.

"Haya baba, huyu wako. Mle na wenzio, mmekonda kama mmefiwa."

Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipotakiwa. Amri ya kwanza ya sajini wetu, Sajini Mapunda, ilikuwa kwamba kwenye eneo la ndege kisionekane kitu kisichohusika, si kokoto, si kijiti, maana injini ya jeti ikianza kunguruma huvuta chochote kilicho mbele yake, na kokoto moja inatosha kuharibu kazi yote. Kila asubuhi tulijipanga mstari, tumeinama, tukiokota uchafu chini. Kwa upande mwingine, mnajua ninyi, mama wa watu amekuletea kuku kwa mikono miwili, ukimwambia ampeleke nje umemtukana yeye na ukoo wake. Nikampokea, nikapiga goti kidogo, nikashukuru. Kugeuka, naona Landrova ya Mkuu wa Mkoa inaingia getini, na Sajini Mapunda anakuja upande wangu akihesabu kila kitu kwa macho.

Nikatafuta pa kumweka. Masanduku ya zana yamejaa. Chini ya mabawa watapita wageni. Jeti zetu zilikuwa na tundu kubwa la kuingizia hewa pale puani, usawa wa kifua, tunaliita mdomo, na kila mdomo una kifuniko chake chekundu. Nikaenda kwenye ndege ya nyuma, ambayo siku ile haikuwa na kazi, nikamfungua kuku ukindu (nilimwonea huruma, na huo ndio ulikuwa ujinga wa pili), nikamsukumia ndani, nikafunika. Dakika chache tu, nikajiambia, wageni wakikaa namtoa.

Wageni hawakukaa kwa sababu viti havikutosha. Nikatumwa viti. Nikaenda mbio mpaka shule ya jirani, nikarudi na viti kichwani nikihema, na nilichokikuta kilinifanya nivitue palepale. Ndege ya mbele, iliyopangwa kuwashwa ili wanakijiji waisikie sauti, ilikutwa inavuja mafuta ya breki, basi ikavutwa pembeni kwa trekta, na ya nyuma ikatolewa badala yake. Imesimama juani, imeoshwa, inang'aa. Kifuniko chekundu kiko kwapani mwa Sajini Mapunda. Rubani, Luteni Fungo, yuko juu kwenye kiti. Mkuu wa Mkoa ameshika kipaza sauti anamaliza hotuba.

Nikajisogeza kwa sajini. "Afande, tusiwashe."

"Kwa nini?"

"Mna kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Kuku, afande."

Alinitazama, akanusa pumzi yangu. "Koplo, umeamkia gongo?"

Wakati huohuo Luteni Fungo akainua kidole na kukizungusha, ishara ya kuwasha, na gari la umeme wa kuwashia injini likaanza kuvuma. Sikufikiri tena. Nikakimbia hadi mbele ya pua ya ndege, mikono nimeipishanisha juu, nikapiga kelele, "Zima! Mna kuku! Mna kuku ndani!" Na kwa kuwa kipaza sauti cha Mkuu wa Mkoa kilikuwa karibu, maneno yangu yalitoka kwenye vipaza sauti vyote, yakaenda hadi kwenye mikorosho na kurudi.

Bi Somoe akadakia: "Kuku yupi? Wangu mimi? Nimekupa mle nyinyi, kumbe na hilo dude nalo linakula kuku!"

Kicheko kilichofuata nadhani hata Kilambo, kule mpakani, walikisikia. Kapteni hakucheka. Alisema polepole, "Mtoe."

Nikaingia kichwa mbele. Ule mdomo kwa ndani unapinda kupita pande mbili za kiti cha rubani, giza tupu, na mabega yangu yakakwama kabla sijafika kwenye kona. Kichwa kiko kwenye jeti, makalio yako kwa wananchi. Nikaanza kuita, "Kurukuru, kurukuru," na nje nasikia mzee mmoja, "Njomba, miguu yako tumeshaiona, tuoneshe ya kuku!" Halafu suruali ikapasuka. Msiniulize wapi.

Waliponivuta nje nikamwona Bi Somoe amepenya katikati ya askari, ameshika mfuko wa mtama. "Nyinyi hamjui kuita kuku," akasema, na kabla mtu hajamgusa akarusha konzi nzima mbele ya pua ya ndege, na nyingine ndani.

"Mama, usimwage!" Sajini Mapunda alipiga ukelele ambao sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuutoa. Mtama ulitapakaa kwenye lami yote, na upepo ukaupeleka chini ya zile ndege nyingine. Sasa haikuwa jeti moja isiyoweza kuwashwa. Zilikuwa zote.

Basi tukajipanga mstari kama asubuhi, ila safari hii wanakijiji nao wakaingia, wanawake wakikusanya mtama kwenye pindo za kanga, na Ndugu Mkuu wa Mkoa naye akavua miwani, akainama, akaanza kuokota punje moja moja. Akanifikia. "Koplo," akasema bila kuinuka, "siku zote unafanya kazi hivi?"

"Ndiyo, ndugu. Lakini bila mtama."

Kuku hakutoka. Kapteni akaamuru injini ifunguliwe, kwa sababu kitu kilichoingia lazima kionekane kimetoka, vinginevyo ndege hairuki. Kwenye ndege zile unatenganisha mkia mzima na kuuvuta nyuma, na katika banda lililobanana namna ile ilibidi tuzisogeze karibu zote. Tulifanya kazi hadi kesho yake mchana. Hakuna aliyenisemesha isipokuwa kuniomba spana. Mimi nilikuwa naona safari yangu ya ng'ambo ikiyeyuka kila bolti ilipolegea.

Injini ikatoka. Tukamulika kila pahala. Kwenye ile kona nilikoshindwa kufika palikuwa na manyoya machache, punje za mtama, na yai. Zima, safi, halina hata ufa.

Kuku hakuwepo.

Injini haikuwa na doa, wala nyama, wala mfupa. Kwa nyuma hawezi kupita, kuna mapanga ya injini. Njia ya kutokea ni ileile aliyoingilia, na pale mbele tangu kifuniko kilipovuliwa hapakukosa watu. Niliuliza walinzi, niliuliza wapishi, nilinusa masufuria. Bi Somoe alipopata habari alikuja kudai yai, akisema alinipa kuku tu, mayai hatukuyazungumza. Kapteni akampa.

Ndege ilifungwa, ikawashwa, ikanguruma vizuri, Luteni Fungo akaruka nayo hadi juu ya mlango wa Ruvuma akarudi anatabasamu. Tangu siku hiyo nikipewa kuku namchinja mbele ya aliyenipa, akitaka anune.

Jioni ile niliripoti kwa kapteni kuuliza kuhusu masomo yangu.

"Hilo," akasema, "tutalizungumza kuku akipatikana."

Ndege zilirudi kwao, kapteni alistaafu, nami nimestaafu. Kuku hajapatikana.