Nilimnyima Mwanangu Lugha ya Mjomba Wake

Kosa ni langu, na sitamsukumia mtu. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa wazazi, shule moja nje kidogo ya Kitale, nikataka mwalimu wa darasa la kwanza akome kuwafundisha watoto wetu kwa Kibukusu, lugha ya kwetu.

Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba hata serikali inataka madarasa ya chini yafundishwe lugha ya nyumbani, ndiyo mtoto asome akielewa. Nikamkata kauli.

"Kwani atapelekea nani hiyo Kibukusu? Fundisha mtoto Kizungu, bana."

Nilipigiwa makofi. Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa.

Nyumbani nikawa mkali zaidi. Kijana wangu akitamka neno la Kibukusu, hapati chai. Mama yangu alipotutembelea nilimkataza pia.

Miaka ikapita, Agosti ya tohara ikafika. Kwetu Wabukusu kijana hatahiriwi kabla mjomba hajamkaripia na kumvisha nyama ya ng'ombe shingoni. Tukaenda Kabuchai kwa kaka yangu. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Kaka akaanza kumfokea kwa Kibukusu: ukoo wetu hauna waoga, ukitikisika usirudi hapa.

Kijana akatabasamu. Akanigeukia. "Mami, anasema nini?"

Kaka akaishusha ile nyama. "Dada, maneno ya baba yetu nitamwambia kupitia mtu? Mrudishe nyumbani. Siku atanisikia, nitamvisha."

Ee Mungu, aibu niliyoiona! Wenzake walitahiriwa kesho yake. Wangu alingoja msimu mwingine, miaka miwili mizima, akiitwa mtoto na vijana anaowapita kimo. Usiku mmoja aliniambia, "Ni wewe ulinikataza."

Nilimpeleka akakae kwa mama yangu kila likizo. Alipovishwa ile nyama hatimaye, alimtazama mjomba machoni na hakutabasamu.

Yule mwalimu nilimfuata hadi Bumula, alikohamishiwa, kumwomba msamaha. Siku hizi nasimama kwenye mikutano ile ile kutetea alichokifanya, na wazazi wananizomea. Wazomee tu, sikai chini.

Nawe unayejisifu kwamba mtoto wako haongei lugha ya kwenu, Kizungu atakipata shuleni, hakuna aliyemzuilia. Lakini siku atakaposimama mbele ya mjomba wake, atakugeukia wewe, na watu wote watakuwa wanakutazama.