Bukari yenye haikuandikiwa mwisho

Noémie Mianda ni mutoto wa mudogo yangu Tshiela, mwenye alikufa. Minyi njo nilimulea, hapa Kamina, karibu na gare ya treni. Alisoma informatique, masomo ya kompyuta, kule Lubumbashi, akarudia, bantu bakamucheka: mwenye diplome anatafuta nini mu muji yenye courant ya umeme inakuya wakati inataka? Akajibu atafundisha batoto kuandikia mashini amri.

Mashini yenyewe alikuwa nayo moya, ikakufa. Basi kila samedi, mu salle ya kanisa, batoto banaandika amri ku vipande vya carton, moya moya, na minyi njo nilikuwa mashini. Nasoma polepole, kidole ku herufi.

"Ni vizuri vile, Mama mukubwa," Noémie alisema. "Mashini haina akili. Inafanya tu yenye imeandikwa."

"Akili ninayo kukupita," nikamujibu.

Siku moya bageni bakatoka Lubumbashi. Balikuwa na mashini sita na panneau solaire ya kuvuta umeme ku jua, ya kupatia darasa moya tu. Christelle, mutoto wa miaka kumi, njo aliandika kadi za kubaonyesha: namna ya kupika bukari, ugali yetu.

Asubuhi Noémie akaniita kando. "Christelle alisahau kusema wapi pa kusimama. Nimeacha vile. Weye fuata kadi tu. Bageni baone kosa, baone mutoto analitafuta na kulitengeneza yeye mwenyewe. Njo kazi yetu hii."

"Nimesikia."

Kadi moya: kama mayi haiyachemuka, ngojea. Nikangojea. Ingine: tia kikombe kimoya cha unga, koroga. Ya mwisho: rudia kadi ya nyuma. Nikarudia mara ine, mara tano. Bukari ikakaza vizuri. Kadi bado inasema rudia, na beseni ingali na unga ya kulisha nyumba siku mbili. Minyi, ku umri yangu, nimwage unga bure mbele ya bageni? Nikatosha sufuria ku moto.

Mukubwa wa bageni, Monsieur Nahum, akauliza Christelle: "Wapi uliandika asimame?"

Christelle akageuza kadi zote. "Sikuandika, Papa."

"Basi nani alisimamisha?"

"Minyi," nikasema. "Ilikuwa imeiva."

"Kumbe Mama hafuati kadi, alijua mbele. Batoto balikariri tu," Monsieur Nahum akasema.

Noémie akaeleza, akaeleza tena. Ule Papa alikuwa amekwisha kuandika yake. Bakala bukari, bakaisifu, bakaenda. Mashini ikaenda muji ingine.

Ku nyumba Noémie akaniambia: "Nilikuomba kitu kimoya tu, usikuwe na akili saa moya."

"Unga haiko carton ya kutupa," nikajibu. Musamaha sikuomba.

Batoto balikuwa kumi na nane, sasa beko bane. Christelle anauzisha makala ya kupikia ku soko pamoja na mama yake. Noémie anaandikia bantu barua ku gare, na samedi anafungua salle. Kadi, batoto bengine njo banazisoma. Minyi habaniite tena.