Neno Lililotukalisha

Pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, ikianikwa juani hutoa harufu kali, chungu kidogo, inayoganda kwenye nguo. Wiki iliyopita niliikuta Kabazi, kando ya barabara, juu ya magunia ya mtu nisiyemjua, nikamwomba dereva asimame. Nililia, mimi niliyestaafu ukarani nikiwa na sifa ya kutolia.

Naomba niweke kumbukumbu sawa, maana jambo hili sijamsimulia mtu.

Nilikuwa darasa la tano, wa kwanza katika Kiingereza. Shosho, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na hakujua kusoma. Tulikuwa tukianika pareto barua ya Kiingereza ilipoletwa, katika bahasha ya kaki, kuhusu shamba alilolima tangu ujana wake. Neno la kwanza lilikuwa refu kama treni: notwithstanding. Nililikata vipande, kama mwalimu alivyotufundisha: not, with, standing. Kukataa, halafu kusimama. Mbele ya neno hilo nikatambua maneno ya kuishi miaka mingi. Yaliyosalia niliyaruka.

"Wanasema umeishi hapa miaka mingi," nilimwambia. "Usisimame. Ukae."

Shosho alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. "Serikali imeniambia nikae! Na vile magoti yananiuma!" Kisha akanitazama kwa makini. "Tumpelekee mwalimu naye aione? Kuuliza si ujinga, Wanja."

"Hakuna haja, Shosho. Nimeielewa."

Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. Tukakaa.

Wapimaji wa ardhi walipokuja kupigilia vigingi, aliwaonyesha barua ile kwa fahari. Mmoja wao aliisoma, akavua kofia.

"Mathe, hii inasema ingawa umekaa sana, shamba limepewa mtu mwingine. Ulipewa siku thelathini za kupinga, na zimeisha. Mbona hukuenda?"

Nilingoja anitaje. Shosho hakugeuza hata shingo.

"Sikuelewa," alisema.

Tulihamia chumba cha kupanga Subukia, na pareto tuliyoiacha ikachumwa na wengine.

Katika miaka yangu yote ya ofisini, kila rasimu iliyonifikia ikiwa na neno lile, nililikata kwa wino mwekundu. Wakubwa walinikaripia, eti hiyo ndiyo lugha rasmi. Rasmi kwa nani? Hadi leo nina hasira na aliyemwandikia mjane asiyejua kusoma sentensi inayoanza kwa kumsifia ukaazi wake na kuishia kwa kumfukuza. Lakini sitajificha nyuma yake. Mwalimu aliishi ng'ambo ya kilima tu.

Tulipokuwa tumehamia Subukia, barua nyingine ililetwa. Jirani, mtu aliyesoma, alinyoosha mkono amsaidie. Shosho akaivuta kifuani.

"Hapana, nina msomaji wangu. Wanja! Njoo unisomee."

Nilidhani amesahau. Miaka mingi baadaye, nikimweleza karani mgeni kwamba neno lile maana yake ni "hata hivyo", ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesahau chochote. Nilimpotezea shamba; hata hivyo, barua iliyofuata alinipa mimi.