Hatua ya Ishirini na Sita

Sikuwa na cheti cha maana. Nilisoma madarasa ya jioni nikitoka kiwandani. Sikuwa na mke tena, wala meno ya upande wa kushoto. Na kwa miaka thelathini ya sataranji klabuni, sikuwa na kombe hata moja.

Nilikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, na ufunguzi wa Sisilia, mbinu ya mwenye kete nyeusi, niliousoma mpaka kitabu kikaachana na jalada lake.

Miaka tisa iliyopita tulikutana fainali, mimi na huyo binti. Mshindi anaingia timu ya taifa.

Yeye kete nyeupe, mimi nyeusi.

Kabla hatujakaa nikatangaza mbele za watu, "Huyu akinifunga, hapa sikanyagi tena."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Akafungua, nikamjibu kwa Sisilia yangu. Alinibana mpaka shati likalowa. Hatua ya ishirini na sita akafikiri dakika ishirini nzima, halafu akasogeza ngome kizembe. Nikapenya. Mwisho akamlaza mfalme wake, ishara ya kukubali kushindwa.

"Hongera, baba."

"Mwanangu, wewe rudi kwenye cherehani yako," nikasema kwa sauti, wote wasikie.

Alirudi kweli. Akahama mji. Hajagusa kete tena. Nikimpigia simu: "Niko kazini, baba."

Na mimi huko timu ya taifa nilifungwa michezo yote sita.

Wiki iliyopita katibu wa klabu alikuwa akisafisha kabati.

"Mzee, karatasi za fainali yenu hizi. Nizitupe?"

Enzi zile tuliandika hatua kwanza, ndipo tukasogeza kete. Kwenye karatasi ya binti yangu, hatua ya ishirini na sita, kuna hatua aliyoiandika kisha akaikata: malkia anamla askari aliye mbele ya mfalme wangu.

Nikapanga ubao. Sina budi kumla malkia. Ngome yake inakuja pembeni, farasi wake ameshaziba milango. Nimekufa.

Siku tatu nimetafuta pa kutokea. Hapapo.

Aliuona ushindi, akaukata kwa kalamu. Kwa ajili ya mdomo wangu.

Mzazi mwenzangu, usimfanye mtoto achague kati ya kipaji chake na heshima yako. Atakuchagua wewe, na hapo ndipo utakapompoteza.

Leo nimefuta matokeo kwenye karatasi ile, nikaandika: nyeupe imeshinda. Nikatia sahihi. Chini nikaongeza, "Nisamehe, mwanangu. Nimeiona hatua yako."

Nimeitia kwenye bahasha yenye jina lake, nikapaka gundi, nikaitumbukiza posta haraka, kabla kiburi hakijanirudia.