Ushanga wa Minza

Niliondoka Tabora kwa sababu ya simu moja. Baba mmoja wa Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, aliniambia binti yake wa kidato cha nne, Minza, amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ushanga alioufunga mkononi. Auvue, au asikanyage tena shuleni, na mtihani wa taifa umekaribia. Mimi ni mwanasheria wa haki za binadamu na ninavaa hijabu. Habari za watu kulazimishwa kuvua kitu hunipandisha hasira haraka.

Treni ya Mpanda haina haraka na mtu. Kutoka Kaliua ni misitu ya miombo mpaka macho yachoke, na kila ikisimama wanauza asali. Nilikula asali, nikapanga hoja zangu, nikajiona nimeshashinda.

Magamba nilifika jioni. Ni familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na Mama Minza alinitengea ugali na maziwa mgando kabla hajaniuliza jina. Nikamuuliza mumewe dini yao.

"Dini hatuna, mama. Sie tuna mila tu."

Hapo hoja zangu ziliyumba. Mkuu wa shule akilisikia hilo neno, kwake mila ni ngoma na mapambo, basi.

Minza akaeleza kwamba ushanga ule alifungwa akiwa mchanga, ni wa marehemu bibi yake mkuu, ambaye yeye Minza amerithi jina lake. "Nikiomba namtaja yeye, anifikishie kwa Mungu. Nikiuvua nimemkana."

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni imani."

Asubuhi tukaenda Shanwe, shuleni. Mkuu wa shule alitupokea kwa heshima, na chai juu.

"Waislamu wanavaa hijabu, Wakatoliki wana rozari, sina neno. Lakini huyu mwenyewe anasema hana dini!"

Nikamweleza kwamba mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu imeuridhia, unalinda dini au imani, hata isiyo na msikiti wala kanisa. Kuzuia alama ya imani kunataka sheria na sababu ya lazima, kama vile usalama, afya au haki za wengine. "Sasa mwalimu, ushanga huu unamdhuru nani?"

"Wenzake wanasema ni uchawi," alijibu polepole. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa vurugu tu. "Basi avae. Ila aufiche ndani ya mkono wa sweta."

Baba Minza alishaanza kushukuru. Nami nilikuwa nafunga mkoba. Minza hakuinuka.

"Samahani, mwalimu. Na huyu mama, hijabu yake angeificha wapi?"

Mkuu alinitazama kichwani, kisha akautazama mkono wa binti. Niliona aibu, maana swali lile mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza.

"Nenda darasani," mkuu akamwambia Minza. "Na hiyo mikono ya sweta ikunje, joto lote hili."

Safari ya kurudi sikugusa asali. Kwenye semina zangu zote nimezoea kusema tuheshimu "dini zote mbili", na ukumbi mzima hupiga makofi, Wakristo kwa Waislamu. Sasa najua akina Minza nao huwa wamekaa humo humo, wanapiga makofi pamoja nasi.