Plagi Baridi za Bwana Melis

Bwana Melis alikuwa mpima viwanja wa serikali, mwenye miaka arobaini na sita na tumbo la kuwatosha watu wawili. Katika safu nzima ya gereji zetu hapa Bishkek hapakuwa na dereva aliyemshinda kwa mbio, mradi mbio zenyewe ziwe za mdomo. Gari lake lilikuwa la Kijapani, la siku nyingi, lakini alilitia turbo kubwa kuliko ya kiwandani na bomba la moshi ambalo mwanakondoo angelala ndani akajinyoosha. Kila Jumamosi alilileta, akalizima mbele yetu kwa mbwembwe, akaanza visa vyake. Juzi amelipita gari la Kijerumani la watu kwenye barabara ya Tokmok kana kwamba limesimama. Jana mshale wa mwendo umegonga mia mbili na ishirini. Sisi tulitafuna samsa zetu, zile sambusa za tanuri, na kutikisa vichwa.

Kilichomkosesha raha ni plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli. Kuna plagi baridi na plagi moto. Ya baridi hupoa upesi, nayo huwafaa wanaoikamua injini. Ya moto hutunza joto, na humfaa mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Gari lililoongezwa nguvu hushushwa daraja moja kwenye plagi za baridi zaidi, pengine mawili. Bwana Melis alishuka matatu.

"Mimi nakanyaga, jamani," alisema. "Nikiweka hizo zenu za kawaida zitayeyuka kama siagi."

Basi gari likaanza kukohoa. Asubuhi liliwaka kwa kubembelezwa, na kwenye foleni likatetemeka kama mtu mwenye homa. Akabadili koili. Akabadili pampu. Akamtukana muuza petroli. Tulipima mchanganyiko wa petroli na hewa, tukaukuta sawasawa. Mwishowe tukamwambia azipeleke plagi zake kwa dada Burulcha.

Huyu Burulcha huuza plagi ndani ya kontena kwenye soko la vipuri, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Wanaoshindana mbio za magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege humpelekea plagi zao, naye huzisoma kama wengine wanavyosoma barua. Siku hiyo tulimfuata Bwana Melis sote, kwa kuwa hatukuwa na kazi.

Burulcha akaichukua ya kwanza, akaigeuza juani. Ilikuwa nyeusi tii mpaka kwenye nyuzi za skrubu.

"Masizi makavu," alisema. "Za nani hizi?"

"Zangu, dada. Nadhani injini inaungua kwa ule mwendo wangu."

"Inaungua? Kaka yangu, plagi ikipata joto la kutosha hujisafisha yenyewe. Hii haijapata joto tangu izaliwe." Akamtazama juu ya miwani. "Hebu niambie kweli. Hili gari unaliendesha au unalisindikiza?"

Tulicheka mpaka muuza betri wa kontena la pili akatoka kuuliza nani kafa. Plagi ilikuwa imesema yote: mtu wa mia mbili na ishirini alikuwa mtu wa sitini, na kwenye kona arobaini.

"Chukua za moto kidogo, ukaendeshe kwa amani," Burulcha akamwambia. "Si aibu."

Kwa Bwana Melis ilikuwa aibu. Alikwenda nyumbani, akazisugua zile plagi kwa petroli na mswaki, zikatakata. Lakini plagi ya dereva wa kweli haiwi nyeupe tupu. Huwa na rangi ya kahawia hafifu. Mkewe Sabira alimkuta jikoni, ameinama juu ya bakuli.

"Baba Aidai, chai hiyo unamwekea nani?"

"Nenda zako, mama. Haya mambo ya injini."

Jumamosi iliyofuata alimpelekea Burulcha plagi nne za kahawia, kifua mbele. Burulcha akazinusa. Akakwaruza moja kwa ukucha, akaugusisha ukucha kwenye ulimi.

"Chai," akasema. "Tena umeinyima sukari."

Baada ya hapo hatukumwona kwa wiki tatu. Alikwenda kwa muuzaji wa upande wa pili wa mji, asikojulikana, akanunua plagi moto kupita hata zile za kiwandani, za kutembezea wazee. Akazifunga mwenyewe. Gari likatulia, likawaka kwa mguso mmoja. Alipotujia tena, boksi tupu la zile za baridi lilikuwa juu ya dashibodi, pale ambapo hata kipofu angeliona.

Vuli hiyo palikuwa na harusi katika mji wa Kant, kwa upande wa Sabira. Mdogo wake Sabira, Ryspek, aliyewahi kuendesha teksi za kwenda ziwani na haogopi kitu, alisimama mbele ya meza nzima mchana kweupe.

"Shemeji, kila mwaka tunasimuliwa hili gari. Leo nipe ufunguo tulionje."

Neno moja lingetosha: plagi ni za moto, usikanyage. Lakini meza nzima ilikuwa inamtazama, na mwenye kulisema neno hilo angekuwa amekiri. Bwana Melis akautoa ufunguo, akaketi kiti cha pembeni.

Ryspek alikanyaga. Mipopla, miti ya kando ya barabara, ikawa ukuta mmoja. Ndani ya injini kukaanza mlio kama mahindi yanayorukaruka kwenye kikaango.

"Shemeji, huo ni mlio gani?"

Bwana Melis aliujua. Alishika mkanda kwa mikono miwili.

"Ndivyo ulivyo," akasema. "Kanyaga."

Kilomita mbili mbele ukatoka moshi wa buluu, na gari likanyamaza. Walirudi harusini wakivutwa na trekta la viazi.

Tulizifungua plagi, tukampelekea Burulcha. Safari hii hakutania. Kaure ya plagi ilikuwa nyeupe kama chaki, imetoka malengelenge, ncha imeyeyuka, na juu yake vimetapakaa vipunje vya rangi ya fedha.

"Hivyo ni pistoni yako," alisema. "Imetoboka. Nani aliyeweka plagi za kikongwe kwenye gari la turbo?" Akavuta pumzi. "Ila siwezi kusema uongo. Gari hili limekimbizwa kweli."

Katika maneno yote hayo, Bwana Melis alisikia sentensi ya mwisho tu.

Sasa gari limekaa juu ya matofali uani kwake, na Sabira huanikia blanketi juu yake. Mwenyewe huenda kazini kwa basi. Majuzi nilimkuta amesimama humo basini katikati ya watu, ameifungua leso, anamwonyesha mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu ile plagi iliyoyeyuka.

"Hivi ndivyo chuma kinavyokuwa mtu akikanyaga," alikuwa akimweleza.

"Maskini!" mama akasema. "Na ulikuwa unaendesha wewe?"

Bwana Melis akaikunja leso taratibu.

"Gari ni langu," akasema.