Kopo la Njano la Bi Aaltje

Kila asubuhi saa moja, Bi Aaltje hufungua pazia na kuweka dirishani kopo la njano la kumwagilia maua. Ana miaka themanini na mmoja, arobaini kati yake aliimalizia katika kiwanda cha maziwa, na anaishi peke yake. Hataki kupigiwa simu kuulizwa kama ni mzima. "Mkiliona kopo, nipo," aliuambia mtaa mzima. Nyumba yangu inatazamana na yake, kwa hiyo kazi ya kutazama ni yangu.

Lakini tangu binti yangu Hilje aende Utrecht kusoma, macho yangu yako kwenye simu. Kuna kidoa cha buluu kwenye ramani yake kinachonionyesha alipo. Jumanne asubuhi alinipigia.

"Mama, jana uliniuliza mara sita kwa nini niko stesheni. Tia hiyo simu kwenye droo mpaka mchana."

"Na ukipata shida?"

"Nitaita polisi. Wewe uko mbali, mama."

Nikaitia. Vidole vikabaki vinatafuta. Nilimimina kahawa, nikainua macho. Saa tatu kasorobo. Pazia la ng'ambo limefungwa na kopo halipo.

Nikajaribu kukumbuka jana lilikuwepo au la. Nilichokumbuka ni kile kidoa tu, kimesimama stesheni.

Nilivuka barabara nikiwa na ndara za ndani. Ufunguo huwa chini ya kiatu cha mbao pale mlangoni; uliniponyoka mara mbili.

"Bi Aaltje?"

Nikaenda jikoni.

Alikuwa sakafuni, amejifunika kitambaa cha meza, mguu mmoja umepinda vibaya. Kopo lilikuwa ubavuni mwake, tupu.

"Umekuja," alisema, sauti imemkauka. "Nilidhani umehama."

"Usijitikise. Napiga simu." Nikapapasa mfuko, hamna kitu.

"Ya ukutani inafanya kazi. Ile yako iache ipumzike."

Niliita gari la wagonjwa, nikapiga magoti, nikamlowesha midomo kwa kitambaa.

"Ulianguka saa ngapi?"

"Nilikuwa nimeshalijaza, nalipeleka dirishani." Akafumba macho. "Jana asubuhi. Maji yake ndiyo niliyokunywa."

Jana kutwa nilikaa kwenye kiti changu cha dirishani, hatua thelathini kutoka pale alipolala.

"Hilje hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo," nilisema, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. "Yeye hajambo."